Kliniki ya macho kwa wenye kisukari mjini Mtwara: uchunguzi mzuri, ratiba ngumu

Nilimsindikiza mama yangu mkubwa, ambaye ana kisukari, kwenye kliniki ya macho ya hospitali moja mjini Mtwara, na kuhusu uchunguzi wenyewe nina sifa tu. Baada ya kusomeshwa herufi za ukutani aliwekewa matone ya kupanua mboni, akasubiri kwenye benchi mpaka yafanye kazi, kisha daktari akamulika ndani ya jicho kukagua retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huku akimweleza taratibu kwamba sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa midogo ya damu iliyomo humo hata ikaanza kuvuja, na kwamba madhara hayo yanaweza kusonga mbele bila maumivu wala ukungu wowote.

Maelezo hayo yana thamani kubwa, kwa sababu wengi hawaji. Mzee mmoja aliyetoka Tandahimba alituambia pale kwenye benchi kwamba kila alipokumbushwa alijibu, "Jicho haliniumi, nifuate nini?" Wengine hudhani kwamba kupimwa miwani kunatosha, ilhali mtu anaweza kusoma herufi zote na retina yake ikawa imeshaanza kuharibika. Mama mkubwa alikuja kwa kuwa muuguzi wa kliniki ya sukari alimwandikia tarehe kwenye daftari na kumsisitiza, "Mama, hii usiiruke hata kama unaona vizuri."

Ninacholaumu ni ratiba. Kliniki ya sukari ina siku yake na ya macho ina yake, na kwa vile matone huacha macho na ukungu kwa saa kadhaa, mgonjwa anahitaji msindikizaji. Kwa anayetoka Newala au Nanyamba, hiyo ni nauli ya watu wawili, tena kwa safari ya pili. Msimu wa korosho, nani ataacha shamba kwa ajili ya jicho analoamini ni zima? Uongozi ukiziweka huduma hizo siku moja, naamini benchi lile litajaa.

Pamoja na hayo, naipendekeza kliniki hii kwa moyo wote. Mwenye kisukari cha aina ya 2 apimwe mara tu anapogundulika, kisha kila mwaka au kama daktari atakavyopanga, maana tiba ya leza huzuia upofu lakini kwa kawaida hairudishi uono uliokwisha kupotea. Nendeni na daftari la kliniki, kofia ya kukinga jua, na mtu wa kuwashika mkono wakati wa kurudi.