Nilisema Mzima, wakatupeleka Bachuma

Siku kadhaa zimepita na bado nikikumbuka ile simu mkono unanitetemeka. Jina la kampuni silitaji. Ni moja ya hizi za safari hapa hapa Mombasa. Magari yao mazima, dereva wao mtu wa maana sana, na mimi kwao sirudi.

Safari ilikuwa ya mamangu. Ana miaka 80 na ushei na hajapata kukanyaga mbuga yoyote. Wala si wanyama aliokuwa akiwataka. Marehemu baba, miaka ya 1950, alikuwa kibarua kwenye lile bomba linaloleta maji Mombasa kutoka chemchemi za Mzima, kiasi cha kilomita 220. Tumelelewa na hadithi hiyo: mvua inanyesha vilima vya Chyulu, inazama kwenye mawe ya volkano, inakwenda chini kwa chini, kisha inabubujika Mzima maji maangavu mpaka unamwona kiboko akitembea chini kabisa. Baba alikuwa akifungua mfereji pale kwetu Majengo anasema, "Maji haya nayajua kwao." Mama alitaka kukuona huko kwao kabla macho hayajamwisha.

Sikupanga kwa simu. Nilikwenda ofisini mwenyewe, nikakaa kitako, nikamweleza yule dada kila kitu, mpaka habari za baba. Aliandika. Neno Mzima nililisema si chini ya mara tatu. Nikamwuliza kama mama ataweza, maana Mzima iko ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, mbele ya Voi, na kwenda na kurudi siku moja ni kumtesa mtu wa umri ule. Akasema tutalala usiku mmoja, nisiwe na wasiwasi. Nikalipa zote. Nambari za vitambulisho nikampa, kwa sababu viingilio hulipwa kwa mtandao, langoni hawachukui pesa mkononi. Risiti ya kiingilio sikuomba kuiona. Hilo linaniuma mpaka leo.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, mimi, mama na mwanangu wa mwisho, na mahamri yetu na chupa ya chai. Mackinnon Road tukasimama pale msikitini penye kaburi la Sayyid Baghali, mama akasoma fatiha, akafurahi. Hatukwenda mbali tena. Gari likakata kulia.

Anayeijua barabara ya Nairobi ameshaelewa. Ukitoka Mombasa, Tsavo Magharibi iko mkono wako wa kushoto. Kulia ni Mashariki, na lango lile ni Bachuma. Askari akasoma karatasi: Tsavo Mashariki, watu watatu. Mbuga ilitangazwa mwaka 1948 ikiwa moja, lakini leo ni mbili kabisa, na kiingilio cha huku hakikupi ruhusa ya kule. Hata ningetaka kugeuza gari, nilikuwa sina nilicholipia upande wa pili.

Nikapiga simu ofisini. Niliweka spika kwa kuwa mama alikuwa anauliza kuna nini. Yule dada akajibu bila haraka, "Mama, Tsavo ni Tsavo tu. Ndovu ni wale wale." Nikamwambia hatukufuata ndovu, tulifuata maji, na ulijua. Akasema, "Kwani huyo mzee atajua tofauti?"

Mama alikuwa amekaa karibu yangu, leso begani. Alisikia neno kwa neno. Akasema taratibu, "Mwambie mume wangu alinambia kwatoka maji." Halafu akageuza uso dirishani.

Niliikata ile simu. Sikuwa na maneno ya kumwambia mtu mbele ya mamangu.

Dereva, kijana wa Kitaita, alizima gari, akazunguka mpaka mlangoni kwa mama, akachutama. "Nyanya, nisamehe. Mimi niliambiwa Bachuma tangu jana." Tangu jana! Basi haikuwa bahati mbaya. Walikaa wakahesabu mafuta, wakaona Bachuma ni karibu, wakaamua ajuza hana macho.

Na hapa ndipo ninapochanganyikiwa, kwa sababu siku yenyewe ilikuwa nzuri. Yule kijana alitufanyia kazi kama anamhudumia nyanya yake mzaa baba. Alituweka kwenye bwawa la Aruba muda mrefu, injini kimya, hakutuharakisha hata mara moja. Ndovu wakaja kunywa, mama na wana, wekundu kama matofali kwa ule udongo wa Tsavo wanaojirushia mgongoni. Mwanangu alihesabu mpaka 40 akapotea. Mama akacheka, cheko ambalo sijalisikia tangu baba afariki: "Hawa wamejipaka nini?" Usiku alilala kama mtoto. Kufikia asubuhi nilikuwa nimeshalainika. Nilijiambia pengine nimekasirika mno, pengine niwape sifa zao na lawama nizipunguze.

Tuliporudi nikapita ofisini, kwa amani kabisa. Yule dada akaniambia watanirudishia kiasi kidogo "kwa usumbufu". Sikumaliza kumshukuru, akaongeza, "Lakini si mlifurahia?" Pole kwa mama hakutoa. Hakumwuliza hata hali. Ile pesa nimeiacha pale pale mezani kwake.

Kwa hiyo nasema hivi kwa yeyote anayepanga kumpeleka mzazi wake Tsavo. Usitosheke na neno Tsavo. Waulize lango kwa jina: Bachuma, Voi, Manyani, Mtito Andei? Taka risiti ya kiingilio usiku wa kuamkia safari, uisome mwenyewe ni Mashariki au Magharibi. Kama utawaendea hawa, na sikushauri, mwombe dereva Mtaita mpole, na ukimpata mpe bakshishi mkononi mwake.

Jana mfereji ulitoa maji baada ya siku nne. Mama akaniita jikoni. "Haya ndiyo ya babako?" Nikamwambia sijui mama, siku hizi yanakuja na ya visima vya Baricho pia. Akakinga bakuli, akayatazama sana, akanywa.

Tutakwenda shule zikifungwa, kwa lango la Mtito Andei. Kiingilio nitakilipa mwenyewe.