Kozi ya ushonaji miezi 6 huku Mbagala, mdogo wangu kamaliza, haya ndo niliyoyaona

Mnaoniuliza inboksi kuhusu kile kituo, nimepata muda leo. Jina silitaji, sitaki maneno na watu.

Dogo alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakumbeba, kutwa simu mkononi, nikaona bora ashike cherehani kuliko kukaa anasubiri wa kumuoa. Ada elfu 60 kwa mwezi, mkasi, tepu na chaki unajinunulia.

Vyerehani ndo tatizo. Viko 8, vizima 5, wasichana 14, kwa hiyo ni kupokezana tu, na overloki, ile mashine ya kumalizia kingo za kitambaa, iliharibika wiki ya tatu mpaka anamaliza bado iko vile vile imefunikwa na kanga. Ila yule mama wa kukata ni noma, mwezi mzima anawakatisha magazeti kabla hujagusa kitambaa, dogo akawa analalamika dada napotezewa muda, saa hizi sketi ya marinda anakata huku anapiga stori.

Kilichonifanya nisijutie hela yangu lakini ni daftari. Kila Ijumaa wanaandika kitambaa bei gani, uzi, zipu, nauli ya Kariakoo, umeme, na masaa uliyokaa, hapo ndo unataja bei. Juzi jirani kaleta sketi mbili za shule anataka elfu tano tano, tena "utanihesabia mwisho wa mwezi mwanangu". Dogo kafungua daftari mbele yake, shikamoo kashatoa, "mama, moja ni 7,500, nikipata nusu naanza kukata". Mi niko jikoni nimejikausha. Mama wa watu kanuna kaondoka, jioni huyo na 7,500 yake mkononi, nusu ya zote mbili.

Cheti sasa, hapo nilizembea. Ulizeni kwanza kama kituo kina usajili wa NACTVET, lile baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi, mi nililipa kichwa kichwa, kumbe cheti ni cha kwao wenyewe, kwa fundi wa mtaani sawa ila akitaka kazi kiwandani sijui. Mwenye uwezo wa kusubiri nafasi aangalie VETA Chang'ombe, chuo cha ufundi cha serikali.

Kingine wamefundishwa ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, haina riba ila wanawake na vijana lazima muwe kikundi. Dogo na wenzake wanne wameshaanza kuandika katiba, wiki ya pili hii wanagombania nani awe mweka hazina.

Nyota 3. Ya nne nitaongeza wakitengeneza overloki.