Boksi za The Goon Show: anza na la tatu, si la kwanza

Hizi ni CD za BBC ziitwazo The Goon Show Compendium, ambazo pia huuzwa kama faili za sauti za kupakua. Ndani yake mna vichekesho vya redio vilivyorushwa Uingereza kuanzia Mei 1951 hadi Januari 1960, na sauti karibu zote ni za watu watatu: Spike Milligan, Peter Sellers na Harry Secombe. Michael Bentine alikuwemo mwanzoni, akaondoka mapema. Maoni yangu kwa kifupi ni kwamba sauti imesafishwa vizuri sana, mpangilio wa boksi haumsaidii mgeni, na wengi wanaosema kipindi hiki hakichekeshi wamesikia nakala iliyokatwakatwa.

Nianze na hilo la kukatwa, maana ndilo linaloamua kama pesa yako imekwenda mahali pake. BBC ilikuwa na kitengo cha kutengeneza santuri za vipindi kwa ajili ya vituo vya redio vya ng'ambo. Kabla ya kunakili walipunguza mambo: utani wa habari za wiki ile, majina ya watu, mzaha uliokaribia matusi, wakati mwingine wimbo mzima. Nakala hizo ndizo zilizozagaa miaka mingi, mpaka zikafika mtandaoni. Tatizo ni kwamba Milligan alijenga mzaha kwa ngazi. Neno linatupwa mwanzoni kama halina maana, linarudi katikati likiwa limegeuzwa, halafu mwishoni ndipo ukumbi unapasuka. Ukishaiondoa ngazi ya kati, unawasikia watu wakiangua kicheko nawe huelewi wamechekeshwa na nini.

Ted Kendall, fundi aliyezirejesha rekodi hizi, alikusanya kanda na santuri kutoka sehemu mbalimbali akaziunga kipande kwa kipande. Ukitega sikio utayasikia maungio: sauti inakuwa nyembamba au inachakacha kwa sekunde chache, kisha inarudi kama ilivyokuwa. Usidhani faili lako ni bovu. Hapo ndipo kiliporudishwa kilichokuwa kimekatwa, na mara nyingi ndipo penye utani mkali zaidi.

Sasa boksi lipi. Vipindi vya misimu ya kwanza karibu vyote vimepotea, kwa hiyo Boksi 1 halianzi mwaka 1951. Boksi 1 na 2 ni msimu wa 5, wa 1954 na 1955. Msimu huo una vito vyake, mfano kile cha mtu asiyejulikana anayewarushia watu mikate ya unga wa maji gizani, katika mji wa Bexhill-on-Sea, wakati wa vita. Lakini msimu ule unadai uwe umeshawazoea wahusika. Boksi 3, yaani nusu ya kwanza ya msimu wa 6, ni rahisi zaidi kuingilia kwa sababu lina "Napoleon's Piano" cha Oktoba 1955, na hadithi yake inafuatika hata kwa mtu ambaye Kiingereza cha haraka kinampa tabu. Neddie Seagoon, mhusika mkuu, anaona tangazo: pauni tano kwa atakayehamisha piano kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Anatia saini. Baada ya saini ndipo anapoambiwa kwamba chumba cha kwanza kiko Paris, ndani ya jumba la makumbusho la Louvre, na cha pili kiko Uingereza. Mwisho wa yote wanavuka bahari wakiwa juu ya piano yenyewe. Ukicheka hapo, rudi Boksi 1. Usipocheka, umeokoa pesa ya boksi nyingine zote.

Kabla ya kubonyeza, zijue sauti, maana mtu mmoja anaigiza watu wanne na wanaongea wao kwa wao. Secombe ni rahisi: yeye ni Neddie Seagoon, mjinga mwenye moyo mweupe, sauti ya juu inayopiga kelele. Sellers ni Bluebottle, mtoto wa sauti ya puani anayesoma hata maelekezo ya jukwaani kana kwamba ni maneno yake, na ambaye karibu kila kipindi analipuliwa kisha analalamika kwamba ameuawa. Sellers huyo huyo ni Meja Bloodnok, mwanajeshi mwoga mla rushwa. Ni Grytpype-Thynne, tapeli wa sauti laini. Na ni mzee Henry Crun. Milligan ni Eccles, bwege kuliko wote. Ni Moriarty, mshirika wa tapeli. Na ni bibi Minnie Bannister. Juu yao anaketi Wallace Greenslade, mtangazaji halisi wa BBC, akisoma upuuzi kwa sauti ile ile ya taarifa ya habari. Mimi namhesabu kuwa mchekeshaji wa nne.

Mfano wa kazi yao ya karibu uko msimu wa 7, katika "The Mysterious Punch-up-the-Conker" cha mwaka 1957. Bluebottle anamuuliza Eccles saa ngapi. Eccles anatoa karatasi: saa mbili. Kuna mtu mwema kamwandikia asubuhi, kwa hiyo akiulizwa yeye huonyesha karatasi tu. Na akiulizwa wakati si saa mbili? Basi haonyeshi. Atajuaje kwamba ni saa mbili? Si imeandikwa kwenye karatasi! Hapo hapana mlio wala muziki, ni sauti mbili na pumzi ya ukumbi. Sikiliza Sellers anavyokawia kidogo kabla ya kila swali jipya. Kuna wachekeshaji wa leo wangejaza nafasi hiyo kwa kelele.

Umbo la kila kipindi ni lile lile: nusu saa, vipande vitatu, na katikati yake muziki. Baada ya kipande cha kwanza anapiga Max Geldray kinanda cha mdomo, baada ya cha pili inaingia bendi ya Ray Ellington. Watu wengi huruka muziki. Geldray ruka ukipenda. Ellington usimruke, anaimba vizuri kuliko wimbo wenyewe unavyostahili.

Upande wa vifaa, rekodi zote ni za mono, yaani sauti ile ile kwa masikio yote mawili, kwa hiyo spika moja ya sikioni haikupunguzii kitu. Faili la kilobiti 64 kwa sekunde linatosha, na nusu saa ni kama MB 14; ukichukua 128 unafika MB 29, ambazo ni kupoteza bando kwa tofauti ambayo sikio halitaiona. Zima kipengele cha kusawazisha sauti kwenye simu. Hawa watu walifanya mzaha kwa umbali: nyayo zinakimbia, zinafifia, kimya, mlango unafungwa mbali kabisa. Programu ya kusawazisha huuvuta ule ukimya juu, ukasikia mvumo wa kanda badala ya kichekesho, kisha mlipuko unakuja ukiwa mdogo kuliko mazungumzo. Pandisha sauti hadi Greenslade asikike vizuri, halafu usiiguse tena. Na usiongeze kasi. Crun na Minnie ni wazee wanaochukua muda mrefu hata kuufikia mlango, na huo muda ndio utani.

Milio yenyewe ilikuwa kazi nzito kwa mafundi wa enzi hizo: santuri kadhaa zikizungushwa kwa zamu, kasi ikibadilishwa kwa mkono, na mtu wa milango, vikombe na nyayo akiwa jukwaani mbele ya watazamaji. Mwaka 1958 BBC ilianzisha karakana ya sauti za kielektroniki, na kati ya kazi zake za mwanzo ulikuwa mlio wa tumbo la Bloodnok. Kwa hiyo mlio huo usiutafute Boksi 3. Uko misimu ya mwisho.

Jihadhari na kununua kitu kile kile mara mbili. Mwaka 1957 na 1958 walirekodi upya hadithi za msimu wa 4 kwa jina la Vintage Goons, kama "The Giant Bombardon" na "The Mummified Priest". Igizo lao la kuchezea tamthilia ya televisheni ya "1984" lilifanywa Januari 1955 likarudiwa mwezi uliofuata. "Dishonoured" cha 1954 kilirudi 1959. Marudio si mabaya, lakini angalia tarehe ya kurushwa, si jina peke yake. Na ukipewa nakala ya bure yenye kasi isiyo sahihi, mtihani ni Greenslade: akisikika kama kijana wa shule, kanda inakimbia.

Lugha ndiyo ukuta mkubwa. Kuna kitabu cha Milligan, "The Goon Show Scripts" cha 1972, chenye maneno ya vipindi tisa, kikiwemo kile cha piano. Sikiliza mara moja bila kitabu, mara ya pili ukifuata kwa macho. Wa ng'ambo pia ajue kwamba BBC Sounds, programu ya BBC ya kusikiliza redio bure mtandaoni, ilifungwa kwa walio nje ya Uingereza Julai 2025, kwa hiyo usiitegemee.

Jambo la mwisho wanunuzi wetu waambiwe wazi. Milligan alizaliwa India, baba yake akiwa askari wa Waingereza, naye mwenyewe alipigana Afrika Kaskazini. Anaicheka dola ya Uingereza kwa uchungu wa mtu aliyeiona kwa ndani: Bloodnok ni mwizi, bendera ni kisingizio. Mwaka 1956 walitengeneza kipindi kizima kuhusu mgogoro wa chemchemi ya Buraimi, pale mpakani mwa Omani, wakati mgogoro wenyewe bado wa moto. Hata hivyo kuna lafudhi za Wahindi na Wachina za kuudhi, na Ellington, ambaye baba yake alikuwa Mmarekani mweusi, alipewa zaidi ya mara moja sehemu ya "mwenyeji" na kutaniwa rangi yake. Boksi hizi hazikufuta hayo. Naona ni sawa wasifute, ila kwenye spika ya sebuleni, watoto wakiwepo, chagua kipindi cha piano.