Uzoefu wangu: niliwakodia ndugu zangu mwongoza watalii katika mji wangu mwenyewe

Mama mkubwa na Baba mkubwa walikuja kukaa kwangu wiki tatu, wakitokea ng'ambo wanakoishi huu mwaka wa 26, pamoja na mjukuu wao wa miaka 15. Mama mkubwa ndiye aliyenilipia ada ya sekondari tangu kidato cha kwanza hadi cha nne. Nilitaka siku zile ziwe tamu kwake. Kufikia siku ya nne nilikuwa nimejifungia bafuni nalia.

Hakuna nilichowaonyesha kikakosa kasoro. Nikiwapeleka kwenye jengo jipya, naambiwa kule kwao yamejaa. Nikiwapeleka bustanini, jua kali. Makumbusho, vyumba viwili vimefungwa kwa ukarabati. Baba mkubwa alikuwa na neno lake moja, "Zamani haikuwa hivi," na alilisema akiwa ametazama dirishani mwa gari, hata kugeuka hageuki.

Jambo lililoniumiza zaidi ni ile ziara ya basi. Siku ya pili tu tangu watue niliwapandisha basi la utalii la ghorofa, lile lisilo na paa. Kampuni siitaji. Maelezo yalikuwa yamerekodiwa, na kila abiria anasikiliza kwa vipokea sauti alivyopewa mlangoni. Vya Mama mkubwa vilikuwa bubu, na mhudumu akasema vingine vimekwisha. Basi likakwama kwenye foleni, sauti ikaendelea kusimulia majengo ambayo tulikuwa bado hatujayafikia. Tulikaa saa mbili juu pale, na Mama mkubwa akajifunika kichwa kwa ile ramani ya karatasi.

Kampuni ina lake, lakini na mimi nilikosea. Walikuwa wamevuka kanda saba za saa kuelekea mashariki, na safari ya upande huo ndiyo inayousumbua mwili zaidi, kwa sababu inaulazimisha ulale kabla ya wakati wake. Kwa kawaida mwili huhitaji karibu siku moja kwa kila kanda ili ukae sawa. Niliwaamsha asubuhi ambayo kwao ilikuwa usiku wa manane. Mtu wa miaka 71 ambaye hajalala hapendezwi na kitu, na hilo nililiita ukaidi kumbe ni usingizi.

Sasa huduma yenyewe ninayotaka kuieleza. Mwongoza watalii niliyemchukua nilimfahamu Februari. Tarehe 21 Februari ni siku ya waongoza watalii duniani. Huadhimishwa tangu mwaka 1990 na shirikisho lao la kimataifa lililoanzishwa 1985, na katika miji mingi vyama vyao hutumia siku hiyo kuwatembeza wenyeji bure. Nilikwenda kwa kudadisi tu, nikajifunza mambo ya mtaa niliopita miaka kumi bila kuyajua. Namba yake nikaihifadhi. Baada ya ile asubuhi ya bafuni nikampigia.

Jioni kabla ya matembezi alinipigia yeye, tukazungumza kama dakika 20. Aliuliza nani anaumwa magoti na nani ana dawa za saa maalumu. Akauliza mjukuu anapenda nini. Kisha akauliza swali ambalo mimi, niliyekaa nao nyumba moja, sikuwa nimewauliza: walipokuwa wanaishi hapa walikuwa wanafanya kazi wapi, na walikuwa wanapita njia gani kurudi nyumbani? Sikujua. Nikaenda sebuleni kuwauliza. Mama mkubwa alizima televisheni ili anijibu vizuri.

Mimi nilikuwa na orodha ya sehemu tisa. Yeye akabakiza tatu.

Siku yenyewe alichelewa dakika 15, na Baba mkubwa alikwisha kukasirika. Alipomwona ni binti wa rika langu akaniambia, si kwa sauti ya chini, "Huyu mtoto atanieleza nini mimi?" Yule binti aliomba radhi bila kujitetea, akaamkia, akaanza kazi.

Nilimwangalia kwa makini jinsi anavyofanya, kwa sababu vitu vyenyewe ni vidogo na ndivyo nilivyokuwa navilipia. Haongei huku anatembea. Anasimama kwanza, anasubiri wa mwisho afike, ndipo anaanza. Akisimama, yeye ndiye anayeelekea jua ili wageni walipe jua mgongo. Alibeba vigoda viwili vya kukunja begani, na kila baada ya muda mfupi anavifungua kivulini bila kumuuliza mtu kama amechoka, maana mzee ukimuuliza atasema hajachoka. Choo kilipo alikitaja kabla hakijahitajika.

Kituo cha pili ulikuwa mtaa ambao Mama mkubwa alifanyia kazi ya ukarani. Yule binti akatoa kwenye mkoba picha ya zamani ya mtaa uleule, imetiwa plastiki, akampa mkononi bila kusema chochote. Mama mkubwa akavaa miwani. Akaweka ukucha juu ya mlango mmoja pichani, akainua macho, akautafuta mlango wenyewe ng'ambo ya barabara. "Ngazi zilikuwa tatu," akasema. "Mbona sasa mbili?" Binti akamweleza kwamba lami ilimwagwa juu ya lami mara nyingi mpaka barabara ikapanda, na ngazi ya chini imezikwa humo. Mama mkubwa akavuka, tukamkimbilia, akakanyaga ile ngazi ya chini iliyobaki na kusimama pale. Kwenye ngazi iliyozikwa ndipo alipokuwa akikaa kumsubiri Baba mkubwa atoke kazini. Mimi ni mtoto wa mdogo wake na sikuwahi kuisikia habari hiyo.

Katika kituo cha tatu, stesheni ya zamani ya reli, Baba mkubwa akaanza kubishana. Binti alikuwa anaeleza jinsi abiria walivyokuwa wakipangwa kuingia, mzee akamkatiza: si kweli, daraja la tatu walipitia upande ule. Nikashika kichwa. Binti akafungua daftari, akatoa kalamu. "Mzee, tafadhali tuonyeshe walipopita." Baba mkubwa alizungumza karibu nusu saa, anatembea mbele, anaonyesha kwa fimbo yake, sisi tunamfuata. Mjukuu, aliyekuwa amezama kwenye simu tangu asubuhi, akaanza kumrekodi babu yake. Safari hii "Zamani haikuwa hivi" ilikuwa na maelezo nyuma yake, na kila mtu alitaka kuyasikia.

Nimelifikiria sana kwa nini yeye aliweza nami sikuweza. Nadhani mimi nilikuwa nauonyesha mji ili usifiwe, na wao walitaka kuonyesha kwamba bado ni wa hapa. Kila niliposema "tazameni" nilikuwa nawafanya wageni. Halafu mimi ni mtoto wao. Mtoto uliyemlipia ada hawezi kukueleza mji uliouishi kabla hajazaliwa, hata akiwa na hoja. Mtu wa nje anaweza, mradi ajue kusikiliza.

Kuhusu makumbusho, nilimuuliza kwa nini ameyaondoa kwenye orodha. Akasema wazee huchoshwa na kusimama na kuinama kuliko kutembea. Hili si jipya: mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman, wa makumbusho ya sanaa ya Boston, aliandika juu ya uchovu huo, akaweka na picha za mtu aliyejikunja ili aone vitu vilivyowekwa chini mno. Nikamkumbuka Baba mkubwa siku ya tatu, mkono kiunoni, anasoma kibandiko kilichofika magotini. Wala sikuwa nimemletea kiti.

Kasoro zipo. Kuchelewa nimeshakutaja, na kwa wageni wagumu dakika 15 za mwanzo zinaweza kuharibu siku nzima. Usafiri na viingilio havikuwemo kwenye bei, na hilo nililijua kwa kuuliza, si kwa kuambiwa. Mjukuu alisahaulika saa nzima ya kwanza ingawa nilikuwa nimetaja anachopenda. Na nusu siku tuliyopatana ilipitiliza kwa dakika 40, ambazo hakunidai, ila ningependa hilo tulizungumze mapema badala ya mimi kukaa na wasiwasi wa bili.

Bei si ndogo. Lakini ilikuwa ya kundi zima, si ya kichwa, na nikilinganisha na tiketi nne za lile basi, tofauti haikuwa kubwa kama nilivyoogopa. Ukitaka kufanya kama mimi, omba kuona kitambulisho au leseni kama kwenu inatakiwa, na ongea naye kwa simu kabla ya kulipa chochote. Akianza kukutajia vituo kabla hajauliza wageni wako ni kina nani, tafuta mwingine. Na wape wageni siku nne au tano za kulala kwanza. Wakae kibarazani, wapigwe upepo na mwanga wa asubuhi, wazungumze na majirani. Usiwapangie kitu.

Wiki mbili zilizobaki hazikuwa za malalamiko matupu. Foleni ililalamikiwa, na jua pia. Ila jioni Mama mkubwa akawa ananiita nikae karibu, ananisimulia ile ofisi ya ukarani, nani alikaa meza ipi, mashine ipi ya kuchapa ilikwama herufi. Nimeyaandika yote.

Uwanja wa ndege, mizigo imeshapimwa, Baba mkubwa alinivuta pembeni. Nilidhani kuna kilichosahaulika nyumbani. Akanipa bahasha nimpelekee yule binti, na ndani, juu ya pesa, alikuwa amechora kwa kalamu ramani ya ile stesheni, lango la daraja la tatu likiwa limezungushiwa duara.