Uzoefu wangu: Datsun 240Z ya rali dhidi ya Subaru WRX STI kwenye muramu ya Mbarara

Gari langu la kila siku ni Subaru WRX STI ya mwaka 2015 iliyoagizwa kutoka Japani. Mzee mmoja anayemiliki Datsun 240Z iliyoandaliwa kwa ajili ya rali alipokubali kunikodisha gari hilo, fundi wake akiwa kando yangu, niliyaendesha yote mawili kwenye barabara zilezile za muramu, yaani udongo mwekundu wenye changarawe, nje ya mji wa Mbarara, magharibi mwa Uganda.

Kwa takwimu hakuna ubishi. Subaru ina injini ya lita 2.0 yenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), nguvu ya farasi 308, na magurudumu yote manne husukuma. Datsun, kama ilivyotoka kiwandani, ina silinda sita, lita 2.4, kabureta mbili (vifaa vinavyochanganya petroli na hewa) na nguvu ya farasi takriban 150 zinazokwenda nyuma tu. Kinachoiokoa ni wepesi, kwani uzito wake ni pungufu ya wa Subaru kwa takriban kilo 400.

Tofauti ilianza kabla hata ya kuondoka. Datsun huamshwa kwa kuvuta choki, kishikio cha kupunguza hewa injini ikiwa baridi, kilicho karibu na gia, kisha choki hiyo hurudishwa taratibu kadiri injini inavyopata joto. Mbarara iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kabureta iliyorekebishwa kwa hewa nzito ya pwani ingemwaga petroli kupita kiasi, injini ikohoe na kutoa moshi mweusi. Ndiyo maana fundi alikuwa amepunguza kwanza petroli inayopita kwenye kabureta. Subaru haina habari na hayo, kwa sababu kompyuta hupima hewa na turbo hufidia inayopungua.

Kwenye kona ndipo penye utamu. Katika Subaru nilikanyaga breki, mfumo wa kuzuia matairi yasijifunge ukafanya kazi yake, difrenshali ikagawa nguvu mbele na nyuma, na kona ikaisha bila mimi kujua kwa hakika ni nani aliyeikata. Datsun haina mlinzi kama huyo. Nikipunguza mafuta ghafla, mkia hutoka. Nikichelewa kugeuza usukani upande wa pili, usukani wenyewe usio na pawa, mtaro unanisubiri. Hata hivyo, kupitia usukani huo nilihisi changarawe zikibadilika kuwa udongo laini kabla macho hayajauona.

Baada ya kilomita chache mabega yalilalamika, na heshima yangu kwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ikaongezeka maradufu. Mwaka 1973 alishinda Safari Rally kwa gari la aina hii, baada ya maelfu ya kilomita, huku akiwa amelingana kwa alama za adhabu na Harry Källström, naye akiwa katika Datsun.

Kwa umiliki, ningebaki na Subaru: vipuri vyake havinisumbui pale Kisekka, kwenye maduka ya vipuri jijini Kampala, ilhali vya Datsun vingi huagizwa ng'ambo au huchongwa upya. Kwa anayetaka kujifunza kuendesha kwenye muramu, pesa ya kukodi Datsun haipotei. Aende asubuhi, kabla joto la injini halijaanza kupenya miguuni, na avae viatu vyenye soli nyembamba, maana pedali zimekaribiana.