Tanga kwenda Dar au Unguja: tiketi ipi ukate?

Ukiweka rula kwenye ramani, Tanga na Dar es Salaam zimeachana kilomita 200 tu. Lakini barabara ya lami haifuati pwani. Inaingia bara kupitia Muheza hadi Segera, inashuka Mkata, inavuka Wami, inafika Chalinze, ndipo inageuka kurudi Kibaha. Jumla ni kilomita 350 hivi. Ukikata tiketi ya ndege, unalipia kuepuka mzunguko huo wa kilomita 150, na si kila safari inastahili malipo hayo.

Kwa anayekwenda Dar, namba moja kwangu ni basi la alfajiri kutoka Kange, kituo cha mabasi cha Tanga. Likiondoka saa 12 kamili, saa 5 au 6 mchana uko Mbezi, kwenye kituo cha mabasi cha Dar, na ofisi bado ziko wazi. Sheria inalibana basi kwa mwendo wa 80, na 50 vijijini, na trafiki wenye tochi za kupima mwendo hawakosekani. Kwa hiyo wakala anayekuahidi safari ya saa nne tu mwache aende zake. Mimi niliwahi kumwamini mmoja nilipokuwa nampeleka mama kliniki. Tukapanda basi la saa 4 asubuhi kwa kiapo kwamba saa 8 mchana tumefika. Tuliingia Mbezi jua linazama, miguu ya mama imevimba, kliniki imeshafungwa. Tangu siku ile, kwangu saa ya kuondoka ina uzito kuliko viti vya kulala na soda ya bure.

Namba mbili ni ndege ya moja kwa moja. Angani ni dakika 45 hivi. Ongeza saa moja ya kuripoti mapema, na foleni ya kutoka uwanja wa ndege wa Dar, Kipawa, kwenda mjini: mlango kwa mlango hesabu saa tatu. Kwa mgonjwa au mzee ningeipandisha iwe ya kwanza, hata kwa kukopa nauli. Ila kabla hujalipa uliza: inatua Dar moja kwa moja, au inapitia Pemba na Unguja? Ikipitia huko na ukasubiri kuunganisha, basi la alfajiri linaweza kukupita.

Basi la usiku ni la tatu. Linafaa kwa mfanyabiashara anayewahi Kariakoo asubuhi. Kwa mwenye watoto silipendekezi.

Safari ya Unguja inageuza hesabu yote. Kwa basi unakwenda kwanza Dar, kisha unapanda boti ya karibu saa mbili, na ukikosa ya mwisho unalala gesti. Kwa ndege ni kilomita 125 tu, nusu saa hivi. Hapo ndege ndiyo ya kwanza, na sioni ya kushindana nayo. Pemba iko karibu zaidi, dakika 20 hivi angani. Ikiwa siku ya meli inalingana na yako na bahari imetulia, panda meli.

Ndege hizi ni ndogo, na mzigo mara nyingi hauzidi kilo 15 pamoja na begi la mkononi. Pima nyumbani. Gunia la machungwa ya Muheza unalompelekea shangazi lipeleke Kange lisafirishwe kama kifurushi, na usiondoke dirishani bila risiti na namba ya basi.