Jioni Mji Mkongwe: juu ya paa au Forodhani?

Wageni wakija nyumbani, swali huwa hilo hilo: tuwapeleke hotelini, au Forodhani, bustani ya kando ya bahari hapa Zanzibar ambako vyakula huuzwa jioni?

Juu ya paa la hoteli ya Emerson on Hurumzi, viatu huvuliwa, mnakaa kitako juu ya mito, na chakula huletwa hatua kwa hatua. Fika kabla ya maghribi. Jua linazama baharini, adhana zinapokezana msikiti hadi msikiti, na mapaa ya mabati yanageuka rangi ya shaba. Kwa mazungumzo ya utulivu, au kumkirimu mkwe, sioni pa kupashinda. Ila weka nafasi mapema, na mfuko uwe umejiandaa.

Forodhani hakuna wa kukuvutia kiti. Mpishi wa pizza ya Zanzibar anabonda donge la unga kwa kiganja, analivuta mpaka linakuwa jembamba kama karatasi, anaweka nyama ya kusaga, kitunguu na yai, anakunja pembe nne, kisha chuma cha kukaangia kinachachatika. Pembeni muwa unakamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu. Uliza bei kwanza, na samaki chagua wale waliochomwa mbele yako. Waliolala mezani tangu alasiri waache.

Mimi, kwa ladha tupu, Forodhani. Urojo, ule mchuzi mzito wenye ukwaju na embe mbichi, bajia zikiwa bado hazijalainika, sijaukuta hotelini ukiwa na makali yale. Mama yangu hupenda paa, kwa ajili ya upepo.